Magauni Yasiyo na Kikwapa

Gauni la kwanza nililolishona kwa mikono yangu lilinikaa vizuri sana, na hilo ndilo lililoniponza. Lingenikaa vibaya, ningeliacha palepale na kuendelea na kazi yangu ya dobi.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa nafua na kukunja mashuka katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, na jioni nilirudi Kikwajuni nilikokuwa nikiishi na mama. Sikuwahi kusomea ushonaji. Shuleni tulianza kufundishwa, lakini mwalimu alihamishwa kabla hatujafika kwenye kukata nguo, na hakuletwa mwingine. Cherehani iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya mama, ya kukanyaga kwa miguu, na yeye aliitumia kupinda khanga na kuziba mashuka.

Mwaka huo nilitaka gauni la Idi ambalo halipo madukani. Nilichukua gauni langu la zamani, nikalifumua kwa wembe mpaka likabaki vipande, nikavitandika vipande vile juu ya pamba nyepesi ya kijani kilichofifia, nikazungusha chaki pembeni. Nikabadilisha shingo, nikarefusha mikono, nikatia mifuko miwili mikubwa ubavuni. Nilifanya kazi ile siku nne. Idi mosi nikalivaa kwenda viwanja vya Mnazi Mmoja, na wanawake nisiowajua wakanisimamisha.

"Dada, gauni umenunua wapi?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Acha uongo."

Niliisikia ile "acha uongo" mara tatu siku ile, na kila mara ilinipendeza kuliko kusifiwa. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba mimi ni mrefu, mwembamba, mabega membamba, na nguo yoyote ikinigusa inakaa. Nililiona gauni, sikuuona mwili uliolibeba.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi shoga yangu. Alikuja mjini kutoka kisiwani Tumbatu akiwa binti, kukaa na shangazi yake, na tangu hapo alikuwa akishona ukumbini kwao, mlango wazi, madira ya majirani na sare za wanafunzi. Naye hakusomea. Alijifunza kwa kukaa karibu na shangazi yake mpaka shangazi akapofuka na yeye akachukua kiti. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwambia jambo, kwanza anamaliza mshono, ndipo anajibu.

Nilimwendea siku ya tatu ya Idi.

"Shoga, nna jambo."

"Sema, nnakusikia."

"Nnataka tuanzishe nguo zetu. Siyo kungoja mtu alete kitambaa. Zetu wenyewe, zenye lebo, mtu anakuja anachagua saizi, anavaa, anakwenda zake."

Alikata uzi kwa meno. "Saizi zitatoka wapi?"

"Tutazitengeneza."

"Vipi?"

"Tutachukua hili langu tuongeze inchi. Mbili, nne, sita."

Aliinuka, akaja akanizunguka, akanishika kwenye bega, akanishika chini ya kwapa, akarudi kukaa. "Mtu akinenepa," alisema, "hanenepi sawasawa kila mahali."

Nililichukua neno lile kama woga wa mtu asiyewahi kuthubutu. Nikambembeleza wiki nzima, na mwisho akakubali, nadhani kwa sababu alinipenda na kwa sababu alichoka na sare za wanafunzi.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na sitaki kuudharau. Tuliweka cherehani mbili ukumbini kwao zikitazamana. Mimi nilikata, yeye alishona. Asubuhi za Ijumaa, kabla jua halijawa kali, tulikwenda kupiga picha kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Mimi nilivaa, yeye alishika simu. Nilijua kusimama. Nilijua kugeuza shingo mwanga uangukie pindo. Picha nilizitia mtandaoni, na watu wakawa wanaandika kutoka Dar, Mombasa, mpaka Maskati, kuulizia. Mwenye duka moja karibu na Forodhani, mama wa makamo anayewauzia nguo wageni, akaniambia nimletee kumi azitundike. Nilipotoka dukani kwake nilipita hotelini moja kwa moja, nikaaga kazi.

Baada ya wiki tatu yule mama akaniita.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Magauni yote kumi yalikuwa yamekunjwa juu ya meza. "Sikiliza. Nguo zako zikiwa kwenye hanga zinapendwa kuliko zote humu ndani. Mtu anaingia nayo chumba cha kujaribia anacheka, anatoka nayo amenuna. Kila mmoja anafanya hivi." Akanyoosha mikono mbele, kama mtu anayetaka kufikia kitu juu ya rafu, na mabega yake yakakwama. "Kwapa linabana. Mgongo unavuta. Nani aliyekufundisha kukata?"

"Nimejifunza mwenyewe, mama."

"Basi jifunze tena," alisema, bila ubaya wowote, na akanisaidia kuyatia magauni kwenye mfuko.

Nilitembea nayo mpaka Kikwajuni. Njiani nilitunga maneno, na nilipofika nikamwambia shoga yangu kwamba wageni wamepungua, msimu mbaya, duka limerudisha nguo za watu wote. Alinitazama, akaupokea mfuko, akauweka chini ya meza. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na niliusema kwa wepesi ulionishangaza mimi mwenyewe.

Hata hivyo aligundua. Jirani mmoja alikuwa amenunua gauni letu, akalirudisha limechanika chini ya mkono. Shoga yangu aliligeuza ndani nje, akaufuata mshono kwa kidole.

"Tutie kikwapa," alisema.

Kikwapa ni kile kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa chini ya mkono, pale mkono unapokutana na ubavu, ili mtu apate nafasi ya kuinua. Mafundi wa kanzu wanakijua tangu zamani. Yeye alikichora kwa chaki juu ya meza, akanionyesha kitakavyokaa.

"Kitaonekana," nilimwambia.

"Mkono ukiwa chini hakionekani."

"Kwenye picha kitaonekana. Kitaleta mkunjo. Hayo ni mambo ya kanzu za wazee, shoga. Watu wanataka mstari ulionyooka."

"Watu wanataka kuinua mikono," alisema.

Nilicheka. Yeye alifuta mchoro kwa kiganja.

Mwezi uliofuata nikapigiwa simu na mwanamke wa Fumba. Alikuwa shangazi wa bibi harusi. Ameziona picha, anataka sare ya wanawake wa upande wao, magauni thelathini, ya kuvaliwa siku ya kumtoa bibi harusi. Sare ya harusi kwetu si jambo dogo. Ikipendeza, wanawake mia wataulizia aliyeshona kabla pilau halijapakuliwa. Nilipokata simu nilimkumbatia shoga yangu, na yeye, nakumbuka, alicheka kwa sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

Niliomba vipimo kwa ujumbe wa simu. Niliomba kifua na urefu tu, kwa sababu hivyo viwili ndivyo nilivyovijua matumizi yake. Vikaja, majina thelathini na tarakimu mbili mbele ya kila jina.

"Bega je?" aliuliza shoga yangu. "Mkono? Kwapa? Kuna watu wazima humu, kuna wanene."

"Tutakadiria."

"Twende tukawapime."

"Watu thelathini, nyumba kwa nyumba, mpaka Fumba?"

"Si mbali."

"Muda hatuna."

Muda tulikuwa nao. Tulikuwa na wiki saba. Leo nikijiuliza kwa nini nilikataa, jibu ninalolipata ni la aibu. Nilijua kwamba tukifika kule, mbele ya wale wanawake, yeye ndiye angeshika futi ya kupimia na kujua pa kuiweka, na mimi ningesimama pembeni na daftari. Nilitaka wanione mimi ndiye mwenye nguo.

Kwa hiyo nilikata. Nilitandika kitambaa, rangi ya zambarau iliyopauka, tabaka nane kwa mara moja, nikayabana kwa mawe, nikapitisha mkasi. Sikukilowesha kwanza kitambaa kile ili kinywee kabla ya kukatwa. Sikujua kama kinapaswa kuloweshwa. Yeye alishona siku baada ya siku, na miguu ikamvimba. Siku moja baada ya alasiri alilivaa gauni moja kati ya yale makubwa, akasimama mbele ya kioo, akainua mikono taratibu.

"Inalia," alisema. Alizisikia nyuzi.

"Kitambaa kipya. Kitalegea kikivaliwa."

Alishusha mikono, akalivua, akaendelea na kazi.

Harusi yenyewe ilikuwa mchana. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, harufu ya udi ikachanganyika na moshi wa jikoni. Sisi wawili tulifika mapema na masanduku. Wanawake walivaa katika vyumba viwili, wakisaidiana zipu, wakicheka, na walipotoka wote pamoja kwenye mwanga wa uani, thelathini, wamesimama kwa picha, mikono imeshuka, nilihisi kitu ambacho sijawahi kukihisi tena. Yalikuwa mazuri. Ninalisema hilo bila kujitetea. Kwa muda wa robo saa, yalikuwa mazuri kama nilivyoyaona kichwani.

Kisha muziki ukaanza. Mwanamke wa mbele aliinua mikono apige makofi juu ya kichwa kama wanavyofanya watu wanaofurahi, na nikasikia. Si sauti kubwa. Ni kama mtu anachana karatasi chumba cha pili. Aliangalia kwapa lake, akacheka, akashusha mkono. Mwingine nyuma yake naye akachanikiwa. Halafu habari ikapita kimyakimya kutoka kiti mpaka kiti, na nikawaona wanawake wote wanabana mikono ubavuni na kucheza kwa shingo na miguu tu. Waliokuwa wakipiga vigelegele walinyamaza.

Bibi yake bibi harusi alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye heshima zake, na alikuwa amekubali kuvaa sare kwa kumridhisha mjukuu. Bibi harusi alipotolewa, ilimpasa bibi yake amkumbatie na kumsomea dua. Alimwinamia, akafungua mikono yake yote miwili. Makwapa yote mawili yakafunguka mpaka ubavuni, nguo ya ndani ikaonekana. Bibi hakuachilia. Alimshika mjukuu wake mpaka dua ikaisha, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Nipeni khanga." Akapewa, akajifunika mabega, akakaa. Hakunitazama, wala hakuuliza nani aliyeshona.

Yule shangazi aliyenipigia simu akaniita nyuma ya jiko. Shoga yangu alikuwa ameshaketi pale kwenye kigoda, sindano mkononi, anamshonea mtu ubavu juu ya mwili wake. Alikuwa na uzi mdomoni.

"Imekuwaje?" shangazi aliniuliza. Hakupaza sauti. "Nimekuamini mbele ya watu wangu. Imekuwaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Nimekata vibaya, sijui kukata, nimekataa kuja kuwapima. Badala yake nikasema, "Mshoni amebana mshono. Nilimwambia aache nafasi."

Shoga yangu aliinua macho. Alikuwa karibu nami kama watu wanaokula sinia moja. Alitoa uzi mdomoni, akaupitisha kwenye tundu la sindano, akapatia mara ya kwanza.

Shangazi alimgeukia. "Ndivyo?"

"Leteni yaliyochanika," shoga yangu alijibu. "Na mnipatie mkasi na mahali penye mwanga."

Wakampa chumba cha stoo chenye dirisha. Alikaa humo mpaka karibu na magharibi. Alikata vipande kwenye mapindo ya chini, maana mapindo tuliyaacha mapana, na akatia vikwapa kwa mkono, gauni moja baada ya jingine. Mimi nilisimama mlangoni nikipokea nguo na kurudisha. Aliwahi tisa. Wale tisa walirudi uani wakacheza mikono juu, na sikuwahi kuona mkunjo wowote ambao ungeharibu picha.

Tulirudi mjini kwa gari la jamaa zao, tumekaa kiti cha nyuma, masanduku matupu katikati yetu. Nilitaka kusema, nikawa nangoja tufike. Tulipofika alishuka, akasema, "Mpe salamu mama," akaingia kwao.

Siku zilizofuata picha zilienea. Hazikuwa zangu. Zilikuwa za wanawake wamejitanda khanga juu ya sare, na za kwapa moja lililochanika, na watu waliandika chini yake wanayoyaandika. Niliufuta ukurasa wetu. Siku ya nne nikaenda kwake.

"Hodi."

"Karibu." Alikuwa peke yake na shangazi yake kipofu amelala kwenye mkeka. Cherehani yangu alikuwa ameshaisogeza mlangoni, imefunikwa kitambaa safi.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nshakusamehe."

"Basi turudi tushone. Tutatia kikwapa. Tutawapima watu. Utakavyosema wewe."

"Hapana."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe kweli, wallahi. Lakini sitaweza kushona karibu yako. Kila nitakapokusikia unazungumza na mtu mlangoni, nitakuwa nnasikiliza unamwambia nini juu yangu. Nitaharibu kazi."

Alinisaidia kubeba cherehani mpaka kwetu, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukipumzika kila hatua chache kama tulivyopumzika siku tuliyoipeleka. Mama alitupokea mlangoni. Baadaye, akichambua mchele, aliniuliza, "Ungesema ni wewe, ungepungukiwa nini?" Hakuwa ananikaripia. Alitaka kujua. Nilijifanya sikusikia.

Kabla mwaka haujaisha yule shangazi kipofu alifariki, na baada ya arubaini ya msiba kwisha, shoga yangu aliuza vitu akarudi Tumbatu. Habari za kuhama kwake nilizisikia kwa mtu wa dukani. Mlango ule wa ukumbi sasa umefungwa, na wapangaji wapya wanatumia mlango wa uani.

Nilijaribu peke yangu. Nilimtafuta fundi wa kanzu, mzee mwenye kibaraza karibu na Malindi, nikamwomba anifundishe kukata. Alinikubalia siku mbili kwa wiki. Alinipa kanzu kuukuu akaniambia nifumue bega, na nilipotandika vipande nikaona kwamba tundu la mkono halifanani mbele na nyuma, kwamba nyuma lina nafasi na mbele limechimbwa, na kwamba ukiongeza inchi kifuani huwezi kuliacha bega kama lilivyo. Vitu vyepesi. Mtoto wa fundi huvijua. Kila nilichojifunza pale kilinionyesha gauni fulani na mtu fulani ndani yake, na nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kuliko siku za mashuka. Nilikwenda miezi mitano. Nilishona magauni sita yaliyokatwa sawasawa, ambayo mtu yeyote angeweza kuinua mikono ndani yake. Hakuna aliyeyataka. Hayakuwa na uzuri wowote. Nilikuwa nimejifunza kuogopa, na woga unaonekana kwenye nguo kama unavyoonekana usoni.

Hotelini nafasi yangu ilishachukuliwa. Sasa nauza mabaibui katika duka moja Darajani, yanayokuja yameshashonwa kutoka nje, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Kazi si mbaya. Nakunja, natundika, nasema karibu.

Mwaka jana, asubuhi ya Jumatano, shoga yangu alipita mbele ya duka. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amebeba mtoto wa kike wa mwaka hivi, amelala begani. Sikujua kama ameolewa, sikujua kama amezaa. Hakuna mtu aliyeona haja ya kuniambia. Nilitoka nje.

"Ahlan, shoga," nilisema.

"Ahlan. Hujambo? Mama hajambo?"

"Hajambo, anasumbuliwa na magoti. Huyu wako?"

"Wangu."

"Mashaallah. Unashona bado?"

"Kidogo. Za jirani."

Nilitaka aniulize na mimi. Alimhamisha mtoto bega jingine, akasema anawahi gari la Mkokotoni, maana chombo cha kuvukia Tumbatu hakingoji. Akanipa mkono. Nikamtazama mpaka alipochanganyika na watu wa sokoni.

Nilipoingia ndani mwenye duka aliniuliza yule ni nani.

"Tulikuwa majirani," nilimwambia, na nikaenda kumhudumia mteja.